Alama Kabla ya Kisu

Mtoto wa fundi viatu alikuwa hataki viatu. Mtaa mzima ulijua, na mtaa ukishajua jambo haulali nalo. "Fundi, sisi unatuvisha, binti yako anatembea peku?" muuza mkaa alimtania kila asubuhi akipita mbele ya kibanda. Fundi alicheka pamoja naye, maana asiyecheka huchekwa mara mbili, lakini kicheko chake kiliishia kwenye meno.

Binti mwenyewe aliitwa Chiriku, kwa kuwa tangu ajue kusema hakuwahi kufunga mdomo. Aliongea akila, aliongea akioga, aliongea na kuku wa jirani. Akiwa mdogo alimwagikiwa maji ya moto mguuni, na kidonda kilipopona kovu lilivivuta vidole juu, kama ngozi mbichi iliyoanikwa karibu na moto. Mwaka uliopita wakampeleka hospitali kupasuliwa. Shangazi yake, dada mkubwa wa fundi, ndiye aliyetoa ushauri: "Mtoto haambiwi. Mwambieni mnakwenda kumnunulia viatu vipya vya dukani." Viatu vya dukani! Mtoto wa fundi viatu huvaa vile ambavyo wenyewe wamevisahau kibandani. Chiriku alichechemea kwa furaha hadi getini. Huko ndani alinyakuliwa mikononi mwa mama yake, akashikwa huku na huku, akalazwa usingizi wa dawa akipiga mayowe. Alipoamka, mguu ulikuwa umefungwa bendeji nene kama mto, na paja linawaka moto. Paja ambalo halikuwa na ubaya wowote!

"Wameniibia nyama," alisema.

Tangu siku ile Chiriku akaacha kuongea, ila ndiyo na hapana. Akarudia kukojoa kitandani. Na kila alipoletewa kiatu, hata kandambili, alijitupa uvunguni mwa kitanda akashika mguu wa kitanda kama anayezama.

Sasa daktari alikuwa amesema kazi ile ilibaki nusu, na nusu iliyobaki haiwezi kungoja. Mtoto anakua, mifupa inakomaa. Vidole vikiachwa vilivyo, vitabaki hivyo maisha yote. Walimpeleka. Alipoona mlango wa chumba cha upasuaji tu, alimng'ata muuguzi mkononi hadi damu ikatoka. Wakaambiwa: "Mrudisheni nyumbani akatulie. Mleteni wiki ijayo. Akifanya fujo tena, tunampa nafasi mwingine. Daktari wa upasuaji naye anahamishwa, sijui kama atakuja mwingine."

Akatulie! Kana kwamba hofu ni homa, ukiifunika blanketi itatoka kwa jasho.

*

Jioni ile shangazi alifika kabla hata chai haijachemka. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye jibu la kila swali, na maswali mengine aliyajibu kabla hayajaulizwa.

"Safari hii semeni mnakwenda harusini," alisema akiketi. "Mvisheni gauni. Mtoto wa kike gani anakataa harusi?"

"Wifi," mama yake Chiriku alisema taratibu. Alikuwa mpishi wa shule, amezoea kusema na watu huku akikoroga. "Tulisema viatu, akachukia viatu. Tukisema harusi, huyu ataolewa lini?"

"Basi mwambieni ukweli afe kwa woga! Sisi tulipokuwa wadogo nani alituambia? Tuliamka tumekatwa, tumechomwa, tumeng'olewa, na mbona tumekua?"

"Tumekua," fundi alisema, "lakini dada, wewe hadi leo ukiona koti jeupe unavuka barabara."

"Mimi navuka barabara kwa sababu zangu!"

Mama Chiriku aliinamia sufuria ili wifi yake asimwone akicheka. Uvunguni mwa kitanda, chumba cha pili, kulikuwa kimya. Fundi aliusikia ukimya ule. Kuna ukimya wa mtoto aliyelala na kuna ukimya wa mtoto anayesikiliza, na mzazi aliyewahi kudanganya anajua tofauti yake.

*

Kibanda cha fundi kilikuwa mlango mmoja na paa la bati, na ndani yake kulinukia gundi na rangi ya viatu. Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi alirithi sharti moja: ngozi haikatwi kabla mwenye mguu hajaiona alama. Mteja aketi, avue, aone chaki imepita wapi, aseme "hapo sawa," ndipo kisu kishuke. Wateja wenye haraka waliliona sharti hilo kuwa usumbufu.

"Fundi, wewe kata tu," mwalimu mmoja alimwambia siku ya pili yake, akitazama saa. "Nakuamini."

"Usiniamini, mwalimu. Tazama. Kisu hakina kurudi nyuma."

Mwalimu akainama, akatazama, akasema hapo sawa. Fundi akashika kisu, na alipoinua macho alimwona Chiriku nyuma ya gunia la mabaki ya ngozi, peku, ametoa kichwa nusu. Hakuwa anatazama kiatu. Alikuwa anatazama chaki.

Kisu kikabaki hewani. Likampiga fundi jambo ambalo lingepaswa kumpiga mwaka mzima uliopita: kiatu cha mwalimu, ambacho hakina mishipa wala machozi, kimeonyeshwa alama. Mguu wa mwanawe haukuonyeshwa kitu.

Mwalimu alipoondoka, fundi alichimba kwenye lundo la viatu visivyo na wenyewe hadi akapata kimoja kilichoachwa juani baada ya mvua. Ncha yake ilikuwa imejikunja kuelekea juu. Hakumwita mtoto. Alikiweka kwenye kibao na kuanza kuongea peke yake, kama mtu anayepanga kazi.

"Ngozi hii ilipata moto, maskini. Imekaza, imevuta mbele yote. Ukiivuta kwa nguvu, inachanika." Akavuta kidogo kuonyesha. "Sasa tunafanyaje? Tunaweka alama hapa, tunapasua hapa tu penye kukaza. Haya. Umeona ncha inavyoshuka? Lakini sasa pamebaki pengo, na pengo haliachwi wazi. Panataka kiraka."

Gunia likachakarika. Chiriku alikuwa amesimama kando ya kibao.

"Kiraka kinatoka wapi?" fundi aliendelea, macho yake yakibaki kwenye kazi. "Hakitoki kwenye ngozi mbovu. Kinatoka penye ngozi nzima, nzuri, ambayo haijapata shida."

Mkono wa mtoto ulishuka polepole ukashika paja.

"Kwa hiyo hawakuiba," alisema.

Lilikuwa neno la kwanza kumtoka bila kuulizwa tangu aseme ameibiwa nyama.

"Hawakuiba, mama. Waliihamisha. Wakapeleka mguuni. Kosa ni letu sisi hatukukwambia."

"Na sasa watachukua tena?"

"Watachukua tena. Kidogo, paja la upande wa pili."

"Nitaumwa?"

Hapo shangazi angesema hapana. Madaktari wenyewe wangesema kama kung'atwa na siafu. Fundi aliweka kisu chini.

"Wakati wanakata hutasikia kitu, utakuwa umelala usingizi wa dawa, si kama huu wa nyumbani. Ukiamka utaumwa. Utapewa dawa, maumivu yatapungua, ila hayataisha siku hiyohiyo. Na paja litawasha kuliko mguu."

Chiriku alifikiri. "Linawasha sana," alikubali, kama fundi mmoja anayemwambia mwenzake. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililokuwa limemlaza uvunguni mwaka mzima. "Wakinichukua pale mlangoni, wewe unakwenda wapi?"

"Siendi popote. Nitakuwa na wewe mpaka ulale. Na ukifungua macho, utanikuta."

Lilimtoka kabla hajalipima. Chiriku alimtazama usoni, akachukua chaki, akaanza kuchora mistari kwenye kiatu kile kibovu.

*

"Umemwahidi mlango usio wako," mke wake alimwambia walipokuwa wakianua nguo.

"Najua."

"Pale wazazi mwisho ni mstari wa njano. Mimi nilisimama kwenye mstari ule, Baba Chiriku. Nilimsikia akiniita nyuma ya mlango hadi sauti ikakatika. Hujui sauti ile. Wewe ulikuwa kibandani."

Hakumwambia kwa ugomvi. Alikunja shuka, akaliweka kwenye beseni.

"Ukimwambia ukweli wote halafu hili moja likawa uongo," alisema, "bora ungemwambia harusi."

*

Hospitali ile watu wa mtaa wanaikumbuka tangu ilipokuwa na ukuta wa matofali tu. Wanakumbuka wakubwa walipokuja na magari kufungua geti jipya la chuma, wakapiga picha, wakaondoka. Geti ni zuri kweli. Lakini wodi ya watoto ina wauguzi wawili kwa vitanda vilivyojaa pande zote, na hakuna hata kitu kimoja cha kuchezea. Ukitaka kujua wakubwa wanampenda nani, tazama walichojenga kwanza.

Mlinzi alimtazama fundi mikono. Rangi nyeusi ya viatu ilikuwa imeingia kwenye kucha na mistari ya viganja, haitoki kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa.

"Nenda kanawe, mzee."

"Nimenawa."

"Kanawe tena."

Alinawa tena, ikabaki vilevile, akaruhusiwa kwa mkono wa kufukuza nzi.

Sista mkuu wa wodi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya kuchoka. Kwenye kifundo cha mkono wake kulikuwa na plasta. Fundi aliitambua plasta ile kabla hajaambiwa.

"Ndiyo, ni binti yako," sista alisema. "Ana meno mazuri."

"Samahani sana, sista. Nimekuja kwa ajili yake. Naomba nimsindikize ndani mpaka alale. Basi. Akishalala natoka."

"Haiwezekani. Utaratibu hauruhusu. Wazazi wanalia, wanazimia, wanaleta uchafu." Macho yake yalishuka kidogo, yakagusa kucha za fundi, yakapanda. "Unajua kila mzazi akitaka kuingia itakuwaje?"

"Watoto hawatang'ata."

Sista alimtazama kwa mara ya kwanza. Kisha akasikia anaitwa upande wa pili wa wodi, akaugeuza mguu ili aende, na soli ya kiatu chake ikapiga sakafu kama mdomo wa bata. Akasita.

"Wewe si fundi viatu? Nitakupa hivi na vingine viwili. Vishone vizuri, halafu... tutaona."

Kila mtu anaijua "tutaona" ile. Ina meno kuliko mtoto yeyote. Fundi alitazama viatu, akatazama mstari wa njano mwisho wa korido, na mlango mweupe nyuma yake. Ingekuwa rahisi. Uzi kidogo, gundi kidogo, mlango unafunguka, kwake peke yake.

"Vilete kibandani, sista. Nitavishona, na utalipa kama wanavyolipa wengine," alisema. "Kiatu ni kazi yangu. Ila mlango ule sikuja kuununua. Nikiununua mimi, kesho mwenye mtoto mwingine atatajiwa bei."

Uso wa sista ulijikunja. "Basi wazazi mwisho ni mstarini," alisema, na soli ikaondoka ikipiga kelele.

Njia nzima ya kurudi, fundi alijitukana. Kiburi cha maskini, alijiambia, ni mzigo unaobebwa na mtoto wake.

*

Chiriku alilazwa siku moja kabla. Safari hii hakuvikwa gauni wala hakudanganywa. Alitembea mwenyewe, peku, amekumbatia kiatu kile kibovu chenye kiraka. Kitanda cha jirani alikuwa mvulana aliyeitwa Kibogoyo, kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajaota. Alikuwa na ngiri.

"Mimi nakuja kupigwa picha," Kibogoyo alijitapa.

"Picha gani?"

"Mama amesema picha. Halafu soda."

Chiriku alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mwenzake anayekwenda kukanyaga shimo. "Si picha," alisema. "Watakupasua. Lakini utakuwa umelala."

Ukelele wa Kibogoyo ulifika hadi getini. Mama yake, mwanamke wa kuuza mboga mwenye kilemba kimelegea, aliinuka kama moto wa mabua. "Nyie watu mna nini? Mtoto wangu alikuwa ametulia! Nani kawaomba ukweli wenu?"

"Tusamehe, dada," mama yake Chiriku alisema.

"Nisamehe nini? Kesho atapanda kitanda kile akipiga mateke, na mimi ndiye nitakayesikia!"

Sista mkuu akaja mbio. "Yule yule wa meno," alisema. "Mama, mfunge mtoto wako mdomo, la sivyo narudisha faili lenu."

Mwaka mzima mama yake Chiriku alikuwa akiomba mtoto huyu afungue mdomo. Alisimama mbele ya kitanda, mikono yake ya mpishi imekunjwa kifuani, akasema kwa adabu iliyomkaba mwenyewe: "Sista, huyu mdomo wake hatuufungi tena."

Fundi alipofika saa ya kuona wagonjwa alitarajia kukuta vita. Alikuta Kibogoyo ameketi kwenye kitanda cha Chiriku, pua imejaa, macho mekundu.

"Halafu wanafanyaje?" alikuwa anauliza.

"Halafu wanashona. Na uzi. Shika hapa uone." Chiriku alimpa kiatu. "Baba yangu kashona. Usivute."

"Kikiuma?"

"Kinauma. Unamwambia muuguzi. Unasema, kinauma. Husemi hakiumi."

Watoto wengine waliokuwa na uwezo wa kutembea walikuwa wamejipanga kando ya kitanda kama wateja, na Chiriku, ambaye mwaka mzima alikuwa na ndiyo na hapana tu, alikuwa amefungua duka. Fundi aliegemea fremu ya mlango. Alihisi kifua kikijaa hadi kumwuma. Hakuna mkubwa aliyefungua geti akajisikia hivyo.

Mama muuza mboga alikuwa anatazama pia. "Amekula," alimwambia fundi, kama anayelalamika. "Tangu jana alikuwa hali."

Ndipo daktari wa upasuaji alipopita, mwanamke kijana mwenye kalamu nene sikioni. Alifunua mguu wa Chiriku, akachora mstari kwenye kovu, akachora duara pajani.

"Ngoja," Chiriku alisema. Daktari akangoja. Mtoto aliinama akafuata mstari kwa kidole, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila haraka. "Hapo sawa," alisema. "Na hapo sawa."

Daktari alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nani kakufundisha hivyo?"

"Ngozi haikatwi kabla mwenye mguu hajaiona alama."

"Na mimi!" Kibogoyo alipiga kelele akipandisha shati. "Na mimi sijaiona yangu!"

Daktari alizunguka kitanda kwa kitanda siku hiyo, na kila mtoto aliyepangiwa upasuaji alitaka kuona. Sista mkuu alimfuata na faili mikononi, soli yake ikipiga sakafu.

*

Asubuhi shangazi alikuwa wa kwanza kwenye benchi, ameshika tasbihi, amechagua mahali ambapo hawezi kuona koti jeupe hata moja. "Mimi nimekuja kusema niliwaambia," alimwambia wifi yake, lakini midomo yake ilikuwa imekauka.

Msukuma machela alimfuata Chiriku kitandani. Chiriku akasema atatembea. Korido ile ni ndefu, na mtoto mwenye mguu uliovutwa huikanyaga kwa kisigino. Alitembea, gauni la hospitali likimburuta, mkono mmoja mkononi mwa baba yake, mwingine umeshika kiatu. Hakuna aliyemsukuma. Wauguzi waliokuwa wakitoka zamu walisimama kando.

Wakafika kwenye mstari wa njano. Sista mkuu alikuwa amesimama upande wa pili.

"Mzazi mwisho hapo," alisema.

Mkono wa Chiriku ulikaza. Fundi alingoja mayowe. Lakini mtoto hakulia. Aliinua uso.

"Baba alisema mpaka nilale," alimwambia sista. "Mimi sijalala."

Fundi alitafuta maneno makali. Alikuwa nayo, aliwahi kusimama sokoni mbele ya askari walipokuja kubomoa vibanda, akasema hadi wakarudi. Lakini hapa sauti ilimtoka ndogo.

"Sista, nimemwambia kisu, nimemwambia sindano, nimemwambia ataumwa. Yote kayakubali. Mimi nikiishia hapa, yote hayo yamegeuka uongo, na hatamwamini mtu tena, wala mimi, wala wewe."

"Mwache baba wa watu apite!" ilisikika sauti nyuma. Alikuwa muuza mboga, kilemba mkononi, Kibogoyo mgongoni kwake, na nyuma yake akina mama wengine wa wodi. "Au tukae hapa wote mpaka walale!"

Sista mkuu hakuwatazama. Alikuwa anatazama miguu ya mtoto, peku kwenye sakafu ya baridi, vidole vya mmoja vimejikunja juu, nyayo zimegusa mstari bila kuuvuka. Akatazama plasta yake kifundoni. Miaka mingi amesimama mahali pale. Watoto wangapi amewabeba wakipiga mateke, na jioni akaenda nyumbani na mayowe yao masikioni, hakuna aliyewahi kumwuliza yeye analalaje.

"Mtoto huyu alinitoa damu," alisema, hakujulikana anamwambia nani. "Leo kaja kwa miguu yake." Akageuka kwa msukuma machela. "Lete joho la kijani. Na kofia."

"Sista, utaratibu..."

"Nikiulizwa nitajibu mimi. Nyie akina mama, punguzeni kelele, kila mmoja atangoja zamu yake." Akamshika fundi mkono, akauvuta chini ya bomba, akachukua brashi, akausugua mwenyewe. Alisugua kwa nguvu, kucha hadi kucha. Rangi haikutoka. "Hii imekuwa ngozi yako sasa," alisema. "Haya, vaa glavu."

Joho lilikuwa fupi, likamfunga kwapani. Ndani palikuwa na baridi na taa kubwa. Chiriku alilala chali, akamwuliza daktari wa usingizi kila kitu kinaitwaje, na daktari, mzee mwenye ndevu nyeupe zilizochomoza chini ya barakoa, akamjibu kimoja kimoja.

"Sasa nitakuwekea hiki puani, unuse," alisema. "Unaweza kuhesabu."

"Sitaki kuhesabu. Nitataja kiatu." Alimshika baba yake kidole kupitia glavu. "Soli. Kisigino. Kamba. Tundu la kamba." Sauti ikaanza kuzama. "Ulimi..."

Kidole kikalegea. Fundi alisimama hadi alipoguswa bega akaambiwa: "Kalala, baba. Umemfikisha." Alitoka akivuka mstari wa njano kwa upande wa pili, akakaa chini sakafuni na joho lake la kijani. Mke wake akaja akakaa kando yake. Shangazi akaendelea kuhesabu tasbihi yake.

*

Chiriku alipofungua macho, uso wa kwanza ulikuwa ule aliouacha. Alilia, maana iliuma, na kilio kile hakikuwa cha kuibiwa. Kilikuwa cha mtu anayeumwa na anajua kwa nini. Alipeleka mkono pajani, akakuta bendeji.

"Kiraka kimetoka hapa," alisema kwa ulimi mzito.

"Hapo hapo."

"Linawasha."

"Nilikwambia."

"Ulinambia," Chiriku alisema, akafumba macho, na usingizi ukamchukua akiwa ameshika kile kidole cheusi.

Siku za kubadilishwa bendeji hazikuwa tamu. Alipiga kelele, alimtukana muuguzi mmoja tusi ambalo mama yake aliapa si la nyumbani kwao. Lakini alilala kitandani pakavu. Na aliongea. Mungu wangu, aliongea! Muuza mkaa aliwahi kusema afadhali alipokuwa kimya, akafukuzwa kibandani kwa nyundo, kwa utani na si kwa utani.

Kidonda kilipofunga, alikuja mwenyewe akaketi kwenye kiti cha wateja, akaweka mguu juu ya kadibodi. Vidole vililala chini, vyote. Fundi alizungusha kalamu. Mkono uliowapima watu wazima nusu ya mtaa ulikosea mstari, ikabidi aanze upya.

"Usikate kabla sijaona," Chiriku alimwambia.

"Tazama basi, bosi."

Aliona. Akasema hapo sawa.

*

Mvua za kwanza zilipoanza, shangazi aliambiwa ana mtoto wa jicho, lazima afanyiwe upasuaji. Alificha habari hiyo kama mimba ya aibu. Alisema anaona vizuri tu, huku akisalimia nguzo ya umeme. Mwishowe kaka yake akamshika mkono akampeleka.

Asubuhi yenyewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha wodi ya wakubwa, joho la hospitali limembana, mwanamke mpana amekuwa mdogo ghafla. Fundi alijaribu kumtuliza.

"Dada, si kitu. Kama kung'atwa na..."

"Nyamaza wewe!" shangazi alifoka. "Usinidanganye kama mtoto." Akageuza kichwa, akapapasa hewani kwa mkono. "Yuko wapi yule Chiriku? Mwiteni. Nataka mtu wa kuniambia."

Kutoka mwisho wa korido walisikia viatu vikija. Vilikuwa viatu vyekundu, vimeshonwa mara mbili, na kila hatua ilitua sakafuni soli nzima, kisigino na vidole. Chiriku alipanda kitandani kando ya shangazi yake, akamshika mkono.

"Shangazi, hawatakulaza usingizi. Nimemwuliza daktari. Wataweka dawa jicho life ganzi, utakuwa macho, utasikia wanaongea. Baadaye litachoma kama limeingia mchanga."

Shangazi alivuta pumzi, akaitoa.

"Na wewe," aliuliza polepole, "utafika mpaka wapi?"

Chiriku alitazama mstari wa njano kule mbele, akamtazama sista mkuu aliyekuwa amesimama kando ya mstari huo ameshika joho dogo la kijani la msindikizaji, limekunjwa vizuri.

"Twende," alisema.